Runinga ya Karatasi

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kwa Mzee Kho kuichukua runinga ya Mama. Nilipanda skuta yangu, nikapitia sokoni kununua tofu na mboga za usiku kama siku nyingine yoyote. Watu walinisalimu, nami nikaitikia. Aliyeniona asingejua kwamba kesho yake tunamchomea mama yangu nyumba.

Nyumba ya karatasi, nasema. Mzee Kho ndiye fundi wa nyumba hizo hapa mjini kwetu. Anazijenga kwa vijiti vya mianzi, gundi na karatasi za rangi. Kitu cha karatasi ukikichoma kwa jina la marehemu, yeye huko aliko anakipata kitu chenyewe. Wengine huchomewa magari, wengine watumishi. Mama yangu alikuwa anachomewa runinga.

"Mdogo wako kachagua kubwa kuliko zote," Mzee Kho aliniambia huku akiifunga kamba. "Spika nne, maikrofoni mbili za kuimbia. Kaniletea na picha ya ile wanayouza dukani kwake, anataka ifanane mpaka vitufe vya rimoti."

"Mama alipokuwa hai alimwomba ndogo tu."

"Kila nyumba inayotoka hapa ina mtu wa kusema hivyo, binti. Shika huku, upepo usiichukue."

Mdogo wangu ni Wen-tung. Mimi naitwa Chao-ti, na jina hilo kwetu ni ombi: mlete mdogo wa kiume. Nilizaliwa, wakasikitika, wakaniita hivyo, naye akaja. Ndiyo kazi ya kwanza niliyoifanya hapa duniani, na niliifanya vizuri.

Wen-tung anauza runinga jijini Taichung. Yeye ndiye meneja wa duka. Runinga ya Mama ilikuwa imekufa rangi, kila mtu ndani yake ana uso wa kijani. Nilitaka kumnunulia nyingine, akanikatalia. "Ya nini? Wen-tung ataniletea." Na Wen-tung kwenye simu hakukosa jibu: "Jumapili, Mama. Leo niko kazini."

Basi kila Jumapili Mama alivaa blauzi yake nzuri, akajipaka mafuta ya kuchua magotini, akaweka mbegu za tikiti kwenye visahani viwili. Akaketi kwenye kochi. Giza likaingia. Akapasua mbegu kwa meno, ka... ka... ka... akiwatazama watu wa kijani. Mimi niliyemwogesha na kumbeba kwenda chooni, nikijisahau nikakaa pembeni yake, aliniambia bila kunitazama, "Ondoka hapo. Hapo pa Wen-tung."

Mwanawe aliileta runinga siku ya msiba.

Ilikuwa ya kweli, mpya, pana kuliko jeneza, ili waombolezaji waione picha ya marehemu ikiwa kubwa. Wen-tung aliwaonyesha wajomba namna inavyofanya kazi, na maiti iko pale pale. "Hata rimoti huhitaji. Hapa juu ina jicho. Ukikaa tu inajua, inajiwasha, inakusalimu, inahesabu mko watazamaji wangapi. Ukitaka kitu unaiambia kwa mdomo." Wajomba walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Nikauliza kama inaelewa lugha ya nyumbani, maana ile ya serikali Mama hakuijua. Wen-tung akasema bado, labda toleo lijalo. Nilitamani kumpiga kofi mbele za watu.

Siku ya kumaliza matanga tuliichoma ile ya karatasi uani pamoja na nyumba yake. Iliungua vizuri. Likabaki jambo moja, na hilo ndilo kubwa: kumwuliza Mama kama amepokea na ameridhika. Bila ndiyo yake, kibao cha jina lake hakiwezi kupanda kwenye madhabahu pamoja na mababu, na roho isiyo na mahali kwenye madhabahu inabaki nje ya mlango, inazurura na njaa yake.

Huulizwa kwa vipande viwili vya mti vilivyochongwa nusu mwezi, tumbo bapa na mgongo wa duara. Unavirusha chini. Kimoja chali na kingine kifudifudi, marehemu amekubali. Vyote kifudifudi, amekataa. Vyote chali, anakucheka. Na anayerusha ni mtoto wa kiume. Mimi nilisimama nyuma na sinia ya vikombe vya chai.

"Mama, umeipata runinga?" Wen-tung akarusha.

Kifudifudi vyote.

"Mama, nyumba umeipenda?"

Kifudifudi.

Akarusha tena. Chali vyote viwili. Mjomba mmoja akakohoa. Wen-tung alikuwa anatazama saa, maana alikuwa na safari ya kurudi Taichung na barabara jioni hujaa magari.

"Mama na wewe," akasema kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto anayedeka. "Dukani kwangu hakuna kubwa kuliko ile. Unataka nini tena?"

Kifudifudi.

Akacheka. Akawageukia wajomba, akawakonyeza. "Namjua mama yangu. Haya, Mama, basi nitakuja tuangalie wote, mimi na wewe, kila jioni. Umefurahi sasa?"

"Wen-tung," nikamnong'oneza, "usimwahidi."

"Dada, acha nimalize."

Akarusha.

Kimoja chali. Kimoja kifudifudi.

Desturi inataka jibu lithibitishwe, kwa hiyo alirusha tena, na tena. Ndiyo. Ndiyo. Hakuna ndiyo yenye nguvu kuliko ile, na wajomba walipiga makofi kidogo kwa furaha. Mimi nikaweka sinia chini. Mama aliye hai ukimdanganya, anavaa blauzi na kuisubiri Jumapili nyingine. Aliyekufa hana tena Jumapili za kusubiri.

Kibao kikapanda madhabahuni. Wen-tung akaondoka na gari lake, runinga mpya akaiacha sebuleni.

Kesho yake jioni nilikuwa jikoni namenya tangawizi. Nikasikia mlio wa runinga inapojiwasha, ule muziki mfupi mtamu.

"Karibu," ikasema sauti ya mashine sebuleni. "Mtazamaji mmoja."

Nyumbani nilikuwa peke yangu.

Nikasimama na kisu mkononi. Kwanza ikaja harufu. Mafuta ya kuchua... yale ya Mama, makali, yenye kuchoma pua. Kisha nikasikia...

Ka...

Ka... ka...

Nilitembea hadi mlangoni. Mwanga wa runinga ulicheza ukutani. Kochi lilikuwa tupu, ila upande wake mmoja, ule wa Mama, mto ulikuwa umebonyea. Ganda la mbegu lilidondoka sakafuni mbele yangu. Sikuona lilikotoka.

Simu ikalia. Nilipiga ukelele nusu nife.

"Dada," Wen-tung alinong'ona. "Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu."

"Hapa dukani... runinga zote za ukutani zimejiwasha. Zinaonyesha sebule yetu. Nazima, zinawaka. Wateja wanadhani tangazo." Nilisikia watu wakicheka nyuma yake. "Dada, naliona kochi. Nakuona na wewe umesimama mlangoni."

Nikalitazama lile jicho juu ya runinga.

"Dada... mwambie Mama niko kazini."

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilikuwa nimeubeba ujumbe huo miaka mingi mno. Nikamwambia, "Mwambie mwenyewe. Si anakuona?" nikakata simu, nikaenda kulala kwa jirani.

Wen-tung alijikaza siku chache asije. Halafu akaja, amekunja uso, akasema nyaya zina hitilafu. Alileta na fundi wa kampuni. Fundi alilifungua lile jicho, akalipuliza vumbi, akasema linafuata joto, na kwamba nyumba za zamani hushika joto la jua ukutani, jicho likadhani ni mtu. Nikamwomba aguse kochi upande wa Mama. Akagusa, akauondoa mkono upesi, akaufuta kwenye suruali. Palikuwa baridi kama ndani ya friji. Fundi hakukaa kunywa chai.

Magharibi ile Wen-tung aliketi. "Dakika moja tu, Dada. Nimwonyeshe nimekuja."

"Karibuni," ikasema runinga. "Watazamaji wawili."

Tangu hapo alikuja kila jioni, akiendesha njia nzima na kurudi. Akijaribu kubaki Taichung, anasema, jua likizama macho yanambadilika. Wateja, mkewe, binti yake mezani, wote wanakuwa na nyuso za kijani. Siku moja mkewe, Hui-ju, alimshika mkono akamlazimisha kubaki, wakakaa wote watatu wamekumbatiana kitandani. Wen-tung akamtazama mtoto wake usoni, akaanza kupiga kelele asiweze kunyamaza, hadi walipomtia garini na kumleta kwa Mama. Alipoketi kwenye kochi alitulia.

Sasa haondoki tena. Kazi ameacha. Hospitali walimpima damu na kichwa, wakasema mzima, apumzike. Chakula nampelekea, anakisukuma. Anakula mbegu za tikiti tu, na meno yake ya mbele yamelika pembeni yakaacha kijipengo, pale pale yalipokuwa yamelika meno ya Mama. Suruali anaifunga kwa kamba. Mchana analala. Jioni anaamka, anajipaka mafuta magotini, anakaa upande wake. Humo ndani ya runinga sijui kunaonyeshwa nini. Nikiingia mimi kioo kinakuwa cheusi, na wao wanaendelea kukitazama.

Nilikwenda kwa Mzee Kho, nikamwuliza kama kuna karatasi ya kuvunja ahadi. Akaendelea kupaka gundi.

"Mimi natengeneza vitu, binti. Maneno yalitoka kwa mdogo wako mwenyewe. Na mama yenu alimpa ndiyo tatu."

"Atakufa."

"Labda mama yenu hajui kama anamuua. Kamkumbuka tu mwanawe." Akalikata pindo la karatasi kwa meno. "Au anajua. Ulimfahamu zaidi wewe."

Jana Hui-ju alikuja na mtoto. Wen-tung hakugeuza kichwa. Binti yake alisimama mbele yake akamwita, naye akamsogeza pembeni kwa mkono, taratibu, kwa sababu anamzibia runinga. Hui-ju alinifuata uani. Siku zote alinidharau, mimi mwanamke nisiyeolewa niliyezeekea kwetu, lakini jana alinishika kwa mikono miwili.

"Dada, yule hafiki mwisho wa mwezi. Wewe ulikaa naye mama. Wewe atakusikiliza. Nakuomba."

Nilimwambia sawa. Kwa kweli nilikuwa nimeshafikiria kukaa mahali pake. Mwanamke asiyeolewa hana mahali kwenye madhabahu ya kwao. Mimi nikifa sina wa kunichomea hata kijiti cha udi. Wen-tung ana mke, ana mtoto, ana ulimwengu mzima wa kurudia. Mimi ningepoteza nini? Na acha niseme na lile lililo chini kabisa: nilitaka Mama aniambie ndiyo. Mara moja tu.

Leo jua lilipoanza kushuka niliwasha udi, nikapiga magoti, nikavishika vipande vya mti ambavyo mikono yangu haijapata kuruhusiwa kuvirusha. Sebuleni runinga ilikuwa imeshaimba. Ka... ka... Mbegu zilikuwa zikipasuliwa na midomo miwili.

"Mama," nikasema. "Mwache Wen-tung arudi kwake. Nitakaa mimi. Kila jioni, mpaka nife, na baada ya hapo kama unataka. Umekubali?"

Nikarusha.

Kifudifudi vyote.

"Mama, mtoto wake bado mdogo. Mimi sina mtu. Nitakupasulia mbegu mwenyewe, usichoke meno."

Kifudifudi.

Sebuleni kukawa kimya. Mbegu ziliacha kupasuka. Harufu ya mafuta ilikuja hadi madhabahuni, ikasimama nyuma ya shingo yangu. Sikugeuka.

"Mama, ni mimi," nikanong'ona, na machozi yananitoka. "Ni mimi niliyekuogesha. Wewe ulikuwa unamngoja yeye, mimi nilikuwa hapa. Nipe hiyo nafasi."

Nikarusha mara ya mwisho. Kimoja kilitua chali. Kingine kilisimama wima kwenye ncha, kikazunguka polepole... polepole...

Kikalala chali.

Alinicheka.

Udi uliisha. Nje taa za barabarani ziliwaka, jirani akaingiza skuta yake ndani. Kisha kutoka sebuleni ikaja sauti ya Wen-tung, koo lake, pumzi zake, lakini ilivutwa mwishoni kama alivyoivuta Mama kila jioni akiniagiza, bila kugeuza kichwa, na bila kungoja jibu.

"Chao-ti. Chai."

Nikaviokota vile vipande, nikavifuta, nikavirudisha madhabahuni. Nikaenda jikoni, nikachemsha maji, nikatoa vikombe viwili.