Mbegu za Mgunga na Maji ya Moto

Watoto wa mtaa wake walimwita Bibi Darubini, na hawakukosea. Kuku akitaga kichakani, yeye ameona. Jirani akibadilisha pazia, yeye ameona. Kila asubuhi aliketi kwenye kigoda mlangoni akichambua mboga. Mikono ilifanya kazi moja, macho yakafanya nyingine.

Aliishi na mwanawe, fundi baiskeli, pamoja na mke wa mwanawe. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la mbuzi. Nyuma ya banda lilikuwepo shamba la mahindi, na katikati ya shamba palibaki kisiki kikubwa. Bibi hakupenda kukiangalia kisiki kile, lakini alikiangalia kila siku.

Zamani kilikuwa mti wa mgunga. Marehemu mumewe aliukuta mche mdogo, akauzungushia miiba, akaulea hadi ukawa mti. Nao ulikuwa mti wa kinyume. Masika, miti mingine ikivaa majani, wenyewe ulivua. Mahindi chini yake yakapata jua, na majani yaliyoanguka yakawa mbolea. Kiangazi, miti mingine ikibaki vijiti vitupu, wenyewe ulikuwa kijani. Mbuzi walilala kivulini mwake na kutafuna maganda yake. Halafu mchwa wakala shina, na upepo ukamaliza kazi. Msimu uliofuata mahindi ya pale katikati yalitoka ya manjano na membamba. Mbuzi nao wakakonda.

Kilichobaki ni kopo moja la mbegu. Bibi alizitoa mwenyewe kwenye maganda ya mwisho. Siku moja alimpa mke wa mwanawe kopo lile.

"Mwanangu, mikono yako ni myepesi," alisema. "Nioteshee miti hii. Nikifa nataka niache mgunga pale baba yenu alipoacha mgunga."

"Usijali, mama," alijibu mkwe wake. "Niachie mimi."

Kesho yake Bibi alipita karibu na jiko. Aliona nini? Mkwe ameepua sufuria ya maji yanayotokota. Mkwe ameshika bakuli la mbegu. Mkwe anamimina maji yale juu ya mbegu, na mvuke unapanda hadi darini.

Bibi alisimama nyuma ya mlango. Maji ya kutokota! Hata mtoto anajua kwamba kunguni akikusumbua unammwagia maji ya moto. Leo zinamwagiwa mbegu za mume wake.

Wewe msomaji ungeuliza. "Mwanangu, unafanya nini?" Swali moja tu, na hadithi hii ingeishia hapa. Bibi hakuuliza. Mtu aliyeshikwa na shaka haulizi, anapeleleza.

Alirudi kwenye kigoda chake akaanza kuunganisha mambo. Si mwezi uliopita mkwe huyu alisema, "Mama, nyumba ndogo ya kupangisha si ingetufaa?" Bibi alimjibu "mh" tu, akasahau. Sasa hakusahau tena. "Kumbe!" alinong'ona. "Anataka shamba ajenge. Mti ukiota, hapati kiwanja. Jamani, kikulacho ki nguoni mwako."

Alisubiri mkwe aende bombani. Akaingia jikoni haraka. Kopo lilikuwa rafuni, na ndani mlikuwa bado na nusu ya mbegu. Bibi alilifunga kwenye kitambaa, akalificha ndani ya sanduku lake la nguo. Kisha alichota kutoka humo mbegu kiasi, akazifukia nyuma ya bafu, mahali asipopita mtu. Alijiona shujaa kwelikweli.

Jioni mkwe alimjia. "Mama, umeliona kopo la mbegu?"

"Kopo? Kopo gani? Labda panya."

"Panya anabeba kopo zima?"

"Usiwadharau panya wa siku hizi," alisema Bibi, akajifanya anatafuta miwani.

Tangu siku hiyo nyumba ilipoa. Akiletewa chai, Bibi aliinusa kwanza. Mkwe akicheka na mtu barabarani, Bibi alijua anachekwa yeye. Mkwe alijaza udongo na samadi kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya kuoteshea miche. Akavipanga kwenye ukuta wa jiko na kuvimwagilia asubuhi na jioni. Bibi alimtazama kwa jicho la pembeni. "Endelea kumwagilia maiti," alisema moyoni. Kisha naye alikwenda kwa kunyata nyuma ya bafu na kikombe chake cha maji.

Haya, siku zikapita. Asubuhi moja Bibi akaona kitu kijani kwenye kiriba kimoja. Akasogea. Kwenye kingine pia. Na kingine. Miche midogo imenyanyua vichwa kwenye udongo. Alikimbilia nyuma ya bafu. Hakukuwa na hata jani moja.

Unafikiri shaka ilimtoka? Thubutu! Ilinenepa. "Hizi si mbegu zangu," alisema. "Amechoma zangu, akaenda kutafuta nyingine ili anizibe macho. Na hizi za nyuma ya bafu amezigundua, akazimwagia maji yake ya moto."

Fundi aliporudi kutoka kazini, hata grisi hajanawa, mama yake alikuwa mlangoni.

"Mwanangu, mkeo ameua mbegu za baba yako. Nimeona kwa macho yangu mawili. Anataka shamba."

Fundi alikuwa amechoka. Yeye naye hakuuliza. Aliingia ndani, na sauti yake ikasikika hadi kwa majirani. Ya mkewe haikusikika kwanza. Kisha ikasikika mara moja, taratibu.

"Leo nimekuwa muuaji wa mbegu. Kesho mtaniita muuaji wa watu. Asubuhi naenda kwetu."

Kulipokucha mkwe alianza kukunja nguo zake. Bibi alimwona dirishani. Alitegemea kufurahi, lakini furaha haikuja. Kama kweli huyu ni adui, mbona anakunja na kanga aliyonunuliwa na mama mkwe, tena kwa uangalifu vile?

"Nitafute ushahidi," alijiambia. Alifukua mbegu moja nyuma ya bafu, akavuka barabara kwenda kwa Mama Viriba. Mama Viriba alikuwa na kitalu cha miche. Watu walifika kwake kununua miti ya matunda, ya kivuli na ya mbao.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sikuja kwa salamu. Nitazamie mbegu hii. Imeuawa au haijauawa?"

Mama Viriba aliipangusa udongo. Akaigonga juu ya meza, ko, ko. "Hii ni ya mgunga. Haijafa, imelala. Tazama ilivyo ngumu, kama kifungo cha koti."

"Imelala vipi? Naimwagilia kila asubuhi!"

"Maji hayaingii, Bibi. Ganda lake halipitishi maji. Inaweza kukaa hivi hata mwaka mzima." Akavuta kiti, akamkalisha. "Hebu nikuulize. Wewe umekua na migunga. Umewahi kuona mtu akiipanda?"

"Sijawahi. Inaota yenyewe."

"Wapi?"

Bibi alifikiri. "Mara nyingi kwenye samadi. Hata ule wa mume wangu, aliukuta palipokuwa banda la zamani la mbuzi."

"Kwa nini kwenye banda la mbuzi?"

"Kwa sababu mbuzi wanakula maganda, wanameza na mbegu, halafu..." Macho yake yaliyoona kila kitu mtaani yaliona sasa kitu kilichokuwa mbele yake miaka yote.

"Halafu mbegu inakaa tumboni," Mama Viriba alimmalizia. "Mle mna joto, mna maji makali. Ganda linalegea. Ikitoka na mavi iko tayari kunywa maji na kuota. Sisi hatuwezi kuwafuata mbuzi nyuma tukiokota. Kwa hiyo tunatumia maji ya moto. Unachemsha maji, unayaepua, ndipo unayamimina juu ya mbegu. Unaziacha humo yapoe, zilale mpaka kesho yake. Zilizovimba unapanda. Zisizovimba unazirudia. Ila usiziweke motoni zitokote na maji, hapo utakuwa unapika maharage."

"Maji ya moto," alisema Bibi polepole.

"Si wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba?" Mama Viriba alitania.

"Yangu inaungua sasa hivi," alisema Bibi. "Nani alimfundisha mkwe wangu mambo haya?"

"Mimi. Alikuja hapa kuniuliza. Alisema mama amempa kopo la thamani, anaogopa kuharibu hata mbegu moja. Nikamwambia aloweke zote. Akakataa. Akasema ataloweka nusu, nusu abakize, ili zikiharibika mama asikose kabisa."

Bibi alisimama. Hakuaga. Watu wa mtaa ule wanasema hawajawahi kumwona anakimbia, isipokuwa siku hiyo, kanga imeshikwa mkononi na kandambili moja imebaki barabarani.

Alimkuta mkwe mlangoni na begi. Fundi alikuwa amesimama pembeni, ameinama. Bibi alipita katikati yao, akaingia chumbani, akafungua sanduku. Alitoka ameshika kopo.

"Mwanangu," alisema, akihema. "Panya amelirudisha kopo."

Mkwe alilitazama kopo. Akamtazama na Bibi.

"Panya ni mimi," alisema Bibi, na machozi yalimtoka. "Nilikuona unamimina maji ya moto, nikadhani unaua. Nilipaswa kukuuliza, sikukuuliza. Nimekuonea. Nisamehe, mama yangu."

Mkwe aliweka begi chini. "Na shamba, mama? Nani alikuambia nataka shamba?"

"Si ulisema nyumba ya kupangisha?"

"Nilisema kule barabarani, penye magugu! Nani ajenge katikati ya mahindi?"

Fundi alikohoa, akataka kuchekacheka. Bibi alimgeukia kama umeme. "Na wewe! Baiskeli ikigoma unakagua kwanza mnyororo au unapiga mateke gurudumu? Umemgombeza mkeo bila kumuuliza. Omba radhi, kisha rudisha begi ndani."

Fundi aliomba radhi, tena mbele ya mama yake. Begi likarudi ndani. Nisikudanganye kwamba mambo yalitengemaa siku ileile. Kwa siku kadhaa mkwe alijibu "ndiyo, mama" na "hapana, mama" tu. Bibi alivumilia, na chai aliinywa bila kuinusa. Hatimaye asubuhi moja mkwe alimwita jikoni. Maji yalikuwa yameepuliwa, na mbegu zilizobaki zilikuwa bakulini.

"Mama, leo mimina wewe."

Bibi alimimina.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Mama Viriba alikuja kuwasaidia kupanda. "Mgunga una mzizi mrefu unaokimbilia chini," alisema. "Msiucheleweshe kwenye kiriba, mzizi utajikunja." Walichimba mashimo yaliyoachana vizuri, ili baadaye miti isisongamane. Kila kiriba kilichanwa na kutolewa kabla ya mche kushuka shimoni. Bibi alipalilia kuzunguka miche. Fundi aliizungushia matawi ya miiba, kwa sababu mbuzi hawajui tofauti ya ganda la kesho na jani la leo. Kiangazi cha kwanza waliimwagilia maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni. Michache ilikufa. Mingi ilishika.

Leo kisiki hakionekani tena kwa urahisi. Migunga imempita Bibi kimo. Matawi ya chini yamepunguzwa ili jembe lipite. Kiangazi ikiwa kijani, mbuzi huilia ng'ambo ya uzio wakiitamani. Masika ikipukutisha majani, hakuna anayeshtuka wala kuchukua shoka, na mahindi ya katikati hayatoki tena ya manjano. Nyumba ya kupangisha imeshafika usawa wa madirisha, kule barabarani, penye magugu.

Juzi Bibi alikuwa uani na mkwe wake, wanatayarisha mbegu za kumpelekea Mama Viriba. Alipoanza kumimina maji ya moto, aliona juu ya ukuta macho mawili. Alikuwa mpangaji mpya wa nyumba ya jirani. Amekunja uso, ameshika mdomo, anatazama mvuke.

Bibi alimwona mara moja. Wewe unamjua.

"Jirani!" alimwita. "Shuka ukutani, utaanguka. Pitia mlangoni, uje uniulize ninafanya nini."