Harufu Ambayo Joviale Hakuisikia

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Joviale aliteremsha shati lake jeupe kutoka kwenye kamba ya jikoni. Yalikuwa majira ya mvua, na huko Bagira nguo zilikaukia ndani. Chini ya kamba hiyo mama yake, Maman Eulalie, aliloweka mihogo ya bugali, yaani ugali, katika pipa la plastiki.

Siku moja wakati wa mapumziko, Sagesse, rafiki yake waliyekaa naye dawati moja, alimvuta kando, akamwambia polepole kwamba shati lake linanuka mihogo. Joviale alinusa mkono wa shati. Hakusikia kitu.

"Una wivu tu," alisema. "Wewe ndiye unayenuka."

Akahamia dawati la nyuma. Tangu hapo hawakusalimiana, na Joviale akawa anarudi nyumbani peke yake. Alimwuliza mama yake kuhusu shati. Maman Eulalie akalinusa, akasema ni safi kabisa. Basi Joviale akaamini kwamba Sagesse ni mwongo.

Likizo ya Pasaka aliipitisha kisiwani Idjwi kwa shangazi yake. Aliporudi na kufungua mlango wa jikoni, harufu kali ya uchachu ilimpiga usoni. Akanusa shati lililobaki kwenye kamba. Harufu ilikuwa ileile.

"Papa, harufu hii imeanza lini?"

Baba yake, Papa Bruno, alikuwa muuguzi. Alicheka. "Harufu gani, mutoto? Mimi sisikii kitu."

Alipoona machozi ya binti yake, aliacha kucheka. Joviale akamweleza yote. Papa Bruno akamfundisha kwamba harufu ni chembe ndogo mno zinazoruka hewani. Zikiingia puani hugusa seli zilizo juu kabisa, nazo hupeleka habari kwenye ubongo. Lakini harufu ikikaa siku zote, pua na ubongo huizoea na kuipuuza, ili harufu mpya, kama ya moshi, ijulikane upesi. Mtu akikaa mbali nayo siku kadhaa, huisikia tena.

Jioni hiyo Maman Eulalie alilihamishia pipa nje, chini ya paa la nyuma. Joviale alikwenda kwa kina Sagesse pamoja na baba yake, akaomba msamaha, akanyoosha mkono wa shati alilokuwa amerudi nalo kutoka Idjwi. Sagesse akanusa bila haraka.

"Shati iko sawa. Lakini soksi, chérie wangu, sijazinusa."

Wakacheka wote wawili. Papa Bruno alingoja mpaka yeye na Joviale walipokuwa njiani kurudi.

"Mama yako na mimi tunakupenda, lakini tusingeweza kukuambia, maana tunaishi ndani ya harufu hiyo," alisema. "Rafiki akikuonyesha kosa usilolihisi, usimwite mwongo. Sagesse alikuazima pua yake, tena kwa siri, ili wengine wasikucheke."