Video ya Bosi na Mabango ya Rangi Mbili

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, video ya Bosi akiwasema wagombea wawili iliingia kwenye makundi sita ya simu kwa mpigo. Ilitoka kwenye simu ya Fundi Rola. Saa tatu kasoro ilikuwa imewafikia wagombea wenyewe, na wote wawili walikuwa wateja wa kiwanda.

Kiwanda kilikuwa cha kuchapa. Chini palikuwa na mapokezi, chumba cha mashine na chumba cha kukatia karatasi; juu alikaa msanifu na kompyuta yake. Fundi Rola ndiye aliyeendesha mashine. Karatasi ilikatwa na mtu aliyeitwa Wembe, mwenye miaka hamsini na mbili na maneno machache. Dada yake Wembe aliolewa na Fundi Rola, kwa hiyo watu hao wawili waliitana shemeji nyumbani na kazini.

Video ilikuwa ya sekunde hamsini na nane. Bosi amesimama kwenye chumba cha mashine, mkono kiunoni, rundo la mabango nyuma yake.

"Huyu anaahidi maji," anasema. "Yule anaahidi barabara. Miaka kumi na tano nawachapia, na ahadi ni zile zile. Nafuta mwaka, naweka mwaka mwingine. Na yule wa barabara, mlinzi wa utamaduni wetu, suti ya kwenye picha amekodi. Kikaratasi cha duka kilikuwa kinaning'inia kwenye mkono, akaniomba nikifute. Ukiniuliza mimi, afadhali tumchague yule mbuzi anayepanda ngazi."

Saa tatu na nusu mtu wa yule wa suti alikuja, akachukua picha zake, akaondoka bila kuaga. Mtu wa mgombea wa pili alipiga simu. Alisema kazi yao itabaki kwa sharti moja: kabla ya saa kumi jioni aambiwe kwamba aliyeisambaza video amefukuzwa.

Bosi aliwaita wote mapokezini.

"Fundi, unajua kwa nini nimekuita," alisema.

"Bosi, sikutuma mimi."

"Imetoka kwenye simu yako. Saa mbili na dakika kumi simu ilikuwa wapi?"

Fundi Rola alitazama sakafu. "Mkononi mwangu."

Msanifu alikohoa. Dada wa mapokezi aliinama kama anayetafuta kalamu.

"Basi," Bosi alisema. "Saa kumi uje uchukue barua yako."

Wembe alipiga hesabu ya haraka. Fundi Rola akikosa kazi, atakosa nyumba. Akikosa nyumba, kuna mahali pamoja tu pa kwenda yeye, mkewe na watoto wanne. Wembe alipanga vyumba viwili, na kimoja kilikuwa na jiko ndani.

"Bosi," alisema, "nipe mpaka saa tisa na nusu."

"Ufanye nini?"

"Niulize."

"Tangu lini wewe ni mpelelezi?"

"Tangu sasa hivi. Wewe mwenyewe, maneno yale ulimwambia nani?"

"Nayasema kila siku kwa kila anayepita. Utakumbuka kila uliyempigia chafya?"

Pembeni, chini ya feni, mama yake Bosi alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki. Wote walimwita Bi Mkubwa. Alikuja kila siku na mwanawe, na kiti alikibeba mwenyewe kila alikohamia kufuata upepo. Siku nzima alionyesha watu video za kuchekesha. Siku hiyo alikuwa na kinyongo.

"Simu yangu imejaa," alimwambia Wembe akipita. "Tangu wiki iliyopita haipigi hata picha moja."

"Futa baadhi, Bi Mkubwa."

"Zipo mia nne. Nianze na ipi? Nimfute huyu mbuzi?"

Wembe alimtazama mbuzi akipanda ngazi na kukataa kushuka, akacheka kwa adabu, akaenda kazini kwake.

Saa nne na robo alimkalisha Fundi Rola juu ya bunda la karatasi.

"Shemeji, ukinidanganya leo, dada yangu atarudi kwangu na wewe utalala hapa hapa kwenye karatasi. Simu yako ina namba ya siri?"

"Haina. Ilikuwa inafunguka kwa kidole, lakini vidole vyangu vimeisha." Alionyesha. Miaka ya kuosha rola kwa mafuta ya taa ilikuwa imelainisha ncha za vidole mpaka zikawa kama sabuni iliyotumika. "Namba nasahau. Nikaiacha wazi."

"Na ukiwa kazini inakaa wapi?"

"Dirishani, karibu na mashine. Si ndiyo amri ya Bosi? Mashine na simu havishikwi pamoja."

"Leo saa mbili na kumi ulikuwa unafanya nini nayo?"

"Nipo kibandani nje, nanunua bando. Liliisha Jumapili. Jana nzima simu ilikuwa kama tofali. Nikaweka bando, ikaanza kulia hapo hapo. Nikaona video imekwenda. Nikaogopa, nikaifuta."

"Umefuta nini?"

"Kila kitu. Na mazungumzo ya makundi."

"Una akili za kuku," Wembe alisema. "Ushahidi wako mwenyewe umeuchinja."

"Nilitaka nionekane sina kosa."

"Umefaulu sana. Sasa keti, na usiandike chochote popote."

Video ilibaki kwenye simu ya Wembe, kwa sababu kundi la kazini lilikuwa moja ya yale sita. Aliitazama mara tisa. Mara saba za kwanza alicheka. Mara ya nane aliacha kumtazama Bosi, akatazama rundo la mabango.

Mashine ya kiwanda ilichapa rangi moja kwa wakati. Njano kwanza, kisha nyekundu, kisha bluu, nyeusi mwisho. Kila baada ya rangi, rola zilioshwa. Kwenye video mgombea alikuwa na njano na nyekundu tu, kama mtu aliyelala juani. Wembe alikwenda kuliangalia rundo lenyewe. Sasa lilikuwa na bluu pia.

Alifungua daftari la kazi. Jumatatu: nyekundu imekwisha saa sita na robo. Kuosha. Bluu imeanza saa saba.

Kwa hiyo video haikupigwa Jumanne. Ilipigwa Jumatatu, ndani ya dakika arobaini na tano, wakati Fundi Rola yuko chini ya mashine, haoni aliye chumbani, mikono miwili kwenye mafuta ya taa. Na picha ilikuwa safi. Mtu wa mikono ile angeshika simu, kioo kingepata ukungu.

Saa sita mchana alipanda kwa msanifu. Kijana huyo alikuwa na ukurasa wake wa kutoa maoni, na Fundi Rola alikuwa amesema wazi kwamba kama kuna mtu wa video humu ndani, ni yeye.

"Jana saa sita na robo mpaka saa saba ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilikuwa hewani, moja kwa moja."

"Unasema nini huko hewani?"

"Mada ilikuwa, mwanaume akibeba mkoba wa mkewe barabarani, utamaduni unakufa au haufi."

"Unakufa?"

"Tulikuwa hatujafikia mwisho."

"Watazamaji wangapi?"

"Kumi na mmoja." Alisita. "Mmoja ni mkeo, mzee. Ndiye aliyekuwa na hoja kali."

Wembe aliitazama rekodi yake. Saa ya ukutani ilionekana nyuma ya kichwa cha kijana tangu sita na dakika kumi hadi saa saba na dakika mbili. Hakusimama hata mara moja. Mke wa Wembe alikuwa ameandika kwamba wa kwake habebi hata mkoba wake mwenyewe.

"Hii isomwe na wewe tu," Wembe alisema, akateremka.

Dada wa mapokezi alikuwa shabiki wa mgombea wa maji. Hakulificha hilo, alibandika picha yake kwenye droo.

"Nilifurahi, ndiyo," alisema kabla hajaulizwa. "Yule wa suti ameumbuka. Lakini na wangu amesemwa pia. Nijipige mwenyewe?"

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nimepeleka sampuli za kadi kwa mteja. Kitabu hiki hapa."

Mteja alikuwa ametia sahihi na kuandika saa: sita na dakika arobaini. Kufika huko kwa miguu ni nusu saa.

"Nani alibaki mapokezini?"

"Hakuna. Feni ilizima, umeme ulikatika upande huu wa mbele. Kila mtu alitafuta pa kupumulia."

Wembe alirudi chumba cha mashine, akasimama alipokuwa amesimama mpigaji. Aliinua simu. Picha haikufanana. Kwenye video matundu ya pua ya Bosi yalionekana vizuri kuliko macho yake. Aliinama kidogo, bado. Alichuchumaa, ikapita chini mno. Ilikuwa sawasawa alipokuwa katikati, magoti yamekunjwa, kama mtu aliyeketi.

Chumba cha mashine hakikuwa na kiti. Bosi mwenyewe alikataza, kwa sababu fundi akiketi, karatasi huingia mbili mbili. Wembe alibaki amekunja magoti hivyo hivyo kwa muda, mpaka yakamuuma.

Saa tisa na nusu wote walikuwa chumba cha mashine, isipokuwa Fundi Rola, aliyekataa kutoka kwenye karatasi zake. Wembe alieleza rangi, daftari, mafuta ya taa na saa. Bosi alisikiliza akigonga mguu.

"Sawa, ilipigwa jana. Ilitumwa leo. Na leo simu alikuwa nayo yeye."

"Jana simu haikuwa na bando. Mtu aliipiga video, akaituma, ikakwama. Fundi alipoweka bando leo, vilivyokwama vikatoka vyote. Aliyetuma alibonyeza jana."

"Nani?"

"Mtu ambaye simu yake imejaa, akahitaji ya mwingine. Mtu anayeketi humu ndani na hakuna anayeweza kumkataza." Wembe aligeuka, akainamisha kichwa kwa heshima. "Bi Mkubwa, shikamoo."

"Marahaba."

"Jana umeme ulipokatika, kiti ulikipeleka wapi?"

"Hapa hapa. Dirisha hili lina upepo."

"Ukampiga video Bosi?"

"Nilimpiga, ndiyo. Simu ya fundi ilikuwa dirishani. Nikayaona makundi yamejipanga, nikayagusa yote. Ikaonyesha kisaa kidogo, haikwenda. Nikasema simu yenyewe mbovu, nikairudisha."

Bosi aliacha kugonga mguu.

"Mama," Bosi alisema polepole, "mbona hukusema tangu asubuhi?"

"Mlikuwa mnatafuta mhalifu. Mimi mhalifu?"

"Mama, kwa nini lakini?"

"Kwa sababu umesema kweli, na umeisema vizuri. Kitu kizuri hakiliwi peke yake. Una kichwa kuliko hao wawili. Nilijua watu wakikusikia watakuja kukuomba ugombee wewe."

"Nimepoteza mteja."

"Yule wa suti ya kukodi?"

Msanifu alitoka nje ili acheke. Bosi alipiga simu saa kumi kasoro dakika tano, mbele ya wote.

"Aliyefanya nimempata," alisema. "Lakini siwezi kumfukuza."

Sauti upande wa pili iliuliza kwa nini.

"Alinizaa."

Yule mtu akasema kwamba hata yeye ana mama, na kwamba jana alitumiwa na mamaye video ya mbuzi mara tatu. Mabango yao yaendelee.

Wembe alikwenda mbio chumba cha kukatia. Fundi Rola alikuwa ameketi pale pale, simu mkononi, uso umetulia kama wa mtu aliyetoa jino.

"Shemeji, umepona. Kazi ipo."

Fundi Rola hakuinuka. "Nimeshaaga," alisema.

"Umeaga vipi?"

"Nimeandika. Nilidhani ndiyo mwisho, nikatoa maoni yangu yote."

"Umetuma wapi?"

"Kazini na kwenye ukoo."

Ulikuwa ujumbe wa mistari arobaini na sita, uliotumwa saa tisa na dakika ishirini. Ulisema Bosi anapima sabuni kwa kijiko. Ulisema msanifu hatofautishi nyekundu na rangi ya chungwa. Uligusa serikali, dini, mpira na vijana wa siku hizi kwa mstari mmoja mmoja. Mistari minane ilikuwa ya ndoa: kwamba utamaduni wa kumharakisha mwanaume ni mbaya, kwamba yeye aliharakishwa, na aliyemharakisha alikuwa kaka wa bibi arusi, akiwa ameshika kisu cha kukatia karatasi.

"Kilikuwa kazini tu, nilisahau kukiweka chini," Wembe alisema.

"Nitafuta."

"Dada yangu ameshajibu."

Jibu lilikuwa la neno moja: Vizuri.

Hasara ya siku hiyo ilikuwa hivi. Mteja mmoja. Mabango elfu mbili na mia tano ya yule wa suti, mwenye rangi tatu, asiye na macho wala jina, maana nyeusi haikuchapwa. Wembe aliyakata yote yakawa vikaratasi vya kuandikia namba za simu. Makundi manne yaliyomwondoa Fundi Rola, na moja aliloondoka mwenyewe. Kazi yake ilibaki. Dada yake Wembe alimfungia mumewe mlango kwa ndani, mke wa Wembe naye akafunga chumba chake, na mashemeji wawili wakalala kwa Wembe, chumba chenye jiko, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, usiku kumi na mmoja.