Kinda Kwenye Kopo la Vifungo

Fundi cherehani alikuwa na huruma mpaka majirani wakamtania. "Wewe hata mbu ungemshonea koti," walimwambia.

Asubuhi hiyo alitoka kuokota kuni kule juu, pembeni ya msitu wa mlimani. Alirudi na kinda wa ndege mkononi. Mdogo, ana madoadoa, mkia kipande tu.

"Nimemkuta chini, peke yake," alimwambia mumewe. "Mama yake kamtupa."

Akamwaga vifungo vyake vyote mezani. Akatandika vipande vya flana ndani ya kopo, akamlaza humo. Kisha akachota uji kwa kastabini, ile kofia ya chuma anayovaa kidoleni akishona. Kinda akafunga mdomo. Hadi saa sita hajala kitu, na macho yanafumba.

"Huyu ananifia mikononi, baba watoto."

"Muite wifi yako. Si ndiyo kazi yake?"

Wifi alikuwa mlinzi wa msitu. Alikuja, akachungulia kopo, akatikisa kichwa.

"Wifi yangu, hujaokota yatima. Umeiba mtoto wa watu."

"Mimi?"

"Hawa hutoka kiotani kabla hawajajua kuruka vizuri. Wanakaa chini vichakani siku kadhaa, wazazi wanawaletea wadudu hapo hapo. Wakikuona wewe, wanajificha."

Fundi akashika kichwa. "Na nimeshamgusa. Si watamkataa kwa harufu yangu?"

"Maneno ya watu hayo. Ndege hamtupi mwanawe kwa kuguswa. Twende, kabla hajaishiwa nguvu."

Walimrudisha palepale, kwenye kijiti cha chini kichakani. Wakajitenga mbali, wakangoja. Kinda akalia, sauti nyembamba kama uzi. Kimya. Akalia tena.

Majani yakatikisika. Akatokea ndege mwenye kifua cha rangi ya chungwa, kiwavi mdomoni. Kinda aliyegomea uji tangu asubuhi akaachama mdomo mpana kuliko kichwa chake.

Fundi akafuta machozi. "Mwone. Kwangu alijifanya hana njaa."

"Ulimpa uji wa mgonjwa," wifi akacheka.

Siku tatu baadaye kinda alikuwa anaruka tawi hadi tawi. Kastabini ilisharudi kidoleni.

Sasa wenzake wa kuni wakikuta chini kinda mwenye manyoya, fundi huwazuia mkono.

"Mwache. Mama yake yupo," anawaambia. "Anangoja tu sisi tuondoke."