Upande wa Pili wa Kanda

Jua lilikuwa linazama Wino alipoifikisha mashine ya kanda nyumbani, ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Wino ni jina la utani alilopewa na mkewe enzi zile akifanya kazi ya kupiga chapa. Tangu mkewe afariki, hakuna aliyemwita hivyo tena. Majirani walimwita mzee tu, tena wakikumbuka kumwita.

Fundi redio aliyemwuzia alikuwa na mdomo, lakini kazi aliijua. Alimwonyesha namna ya kusafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti, kupitisha kanda kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia bila kuikunja, na kuigeuza ikifika mwisho ili kusikiliza upande wa pili.

"Ukisikia mtu anamung'unya kwa chini, mzee wangu, usije ukakimbia nyumba," alicheka. "Kichwa cha hii mashine ni kipana. Kinasoma pande zote mbili kwa pamoja, ule wa pili kinyumenyume. Na hiki kitufe chekundu ni cha kurekodi. Wewe sikiliza tu. Usikiguse."

Wino aliitikia, ila akili haikuwepo. Alikuwa anaiwaza kanda moja tu. Mkewe alirekodi maneno yake pande zote mbili, kwenye mashine ya kaka yake, akamtumia Wino kazini mbali. Binti yao alikuwa bado ananyonya. Mwaka haukuisha mama akafariki, na binti akakua bila kuijua sauti yake. Jumapili angekuja kuisikia kwa mara ya kwanza.

Kanda ilinuka siki kwa ukongwe. Magurudumu yakazunguka polepole... shhhh...

"Wino, hujambo mume wangu? Huyu mwanao ameota jino, kazi yake kuning'ata!"

Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, kama kawaida yake. Wino alilia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake, na hapakuwa na wa kumwonea haya.

Chini ya maneno yale kulikuwa na mumung'unyo. Akamkumbuka fundi, akatabasamu. Mkewe akaaga. Ikabaki shhhh ya kanda tupu, na ule mumung'unyo.

Mara ukanyooka, ukawa maneno.

"Wino... mbona hunijibu?"

Alizima mashine. Mimi na wewe tungetafuta mlango, tena viatu tungeviacha. Lakini yeye miaka yote hiyo hakuwa na wa kumwuliza hata amekula nini. Akavuta kipaza sauti. Huku mwishoni hamna kitu, alijiambia, nitaharibu nini?

Akabonyeza chekundu.

"Nipo, mke wangu," alinong'ona. "Nipo peke yangu."

Akairudisha kanda nyuma, akasikiliza. Sauti yake ilikuwepo. Halafu, karibu sana, kama mtu aliyeegemea bega lake...

"Najua. Sema zaidi."

Basi ikawa kila jioni. Alimweleza magoti yanavyouma, chai anavyoichemsha na kuisahau, kitanda kilivyo kikubwa. Aliitikiwa kila neno. Sehemu tupu ilipojaa, sauti ikamwomba.

"Rudi nyuma kidogo. Unipe nafasi."

Akarudi nyuma. Kwaheri ya mkewe ikafutika. Jioni iliyofuata likafutika jino la mtoto, kisha ile salamu. Moyo ulimuuma, lakini alijipoza: upande wa pili upo mzima, binti atasikia huo. Na alijua, tangu jioni ya pili alijua, kwamba huyu anapocheka hakohoi. Anacheka kicheko kirefu, wala havuti pumzi.

Jumamosi jioni aliigeuza kanda.

Sauti ya mwanamume. Inazungumza kinyumenyume, inameza maneno kama mtu anayezama. Alipeleka mbele, akapeleka tena. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Akampigia fundi.

"Ulirekodi? Mzee, si nilikwambia kichwa ni kipana? Kinasoma pande zote, kinafuta pande zote. Pole sana. Sasa hivi humo umo wewe tu."

"Na huyo mwanamke anayeongea?"



"Mwanamke gani tena, mzee?"

Jumapili binti aliingia bila hata kuvua viatu, akakaa sakafuni mbele ya mashine. Wino alikuwa amejiandaa kumwambia ukweli. Alikuwa amejizoeza maneno asubuhi nzima. Lakini binti hakungoja. Aliiwasha mwenyewe.

Hapakuwa na shhhh. Hapakuwa na sauti ya Wino.

"Mwanangu... umekua. Sogea nikusikie unavyopumua."

Binti alisogea. Aliegemeza sikio kwenye spika, machozi yakimtiririka, na usoni alikuwa na furaha ambayo Wino hakuwahi kuiona tangu amzae. Alitaka kumvuta mkono. Alitaka kuichana ile kanda vipande vipande. Mikono ilimgomea.

"Baba," binti alinong'ona, "ndiye yeye?"

Magurudumu yaliendelea kuzunguka, sauti nayo ikisubiri jibu.

Wino alimtazama mwanawe, akatazama chumba chake na kile kitanda kikubwa.

"Ndiye," akasema. "Ndiye mama yako."