Mashine Iliyonguruma Matangani

Siku waliyomlilia mzee Ezironi, mchana, swichi ikiwa imezimwa, balbu ya ukumbini kwake iliwaka yenyewe, na kivuli cha kiti, badala ya kuikimbia taa, kikatambaa kuielekea. Musoki alikiona. Akajifuta macho, akalaumu machozi.

Umeme wa kijiji chao, huko Bwesumbu, ulitoka mtoni. Maji yalikamatwa, yakatiwa ndani ya bomba, yakateremshwa hadi kwenye mtambo uliosimamiwa na Tsongo. Tsongo alikuwa amewaeleza watu mpaka wakamchoka kwamba umeme huo hauwekwi ghalani. Ukizalishwa lazima uliwe papo hapo, la sivyo mtambo unapagawa, unazunguka ovyo, na umeme unafurika majumbani. Zamani palikuwa na pipa la maji lililokula mabaki ya umeme kwa kuchemka. Likaungua. Wenye mradi wakaahidi jingine, wakala kuku wa watu, wakapanda magari yao wakarudi Kampala, na pipa hilo labda linatengenezwa mbinguni. Tangu hapo mla mabaki akawa mashine ya Musoki ya kusaga mahindi, iliyonguruma kutwa wakati wengine wako mashambani.

Lakini penye maiti hapainuliwi jembe wala hapawashwi mashine mpaka azikwe. Watu hukaa chini, redio huzimwa. Ndani ya ukimya huo, umeme umejaa na hakuna wa kuula, akaja mwenye mto, yule pepo ambaye wazee humwita ndyoka. Hakuna aliyemwomba ruhusa walipomtia bombani.

Kabla Ezironi hajazikwa, mkewe alikutwa chini ya balbu iliyopasuka, nywele zimeungua, mdomo umejaa tope. Wakakaa kimya tena kumlilia huyo. Katika kimya hicho akafa Semu, mume wa Musoki, ndani ya chumba kikavu, amelowa kama mtu aliyeopolewa.

Sasa Semu alikuwa amelazwa ukumbini, na Sylivia, mtoto wao wa pekee, alikaa kando ya mwili, chini kabisa ya balbu, kwa sababu binti haondoki penye baba yake.

Bwambale, ndugu wa marehemu, alimwita Martine, mganga Mkongo aliyekaa Bwera. Martine alifika na kuku mweupe na amri nyingi. Alitaka kila kitu kizimwe, hata friji ya soda dukani.

"Hii pepo inapenda makelele," alisema polepole. "Munyamaze, batu bote. Itachoka, itaenda."

Wakamtii, wapumbavu wale, na Musoki akiwa mmoja wao.

Kwanza ilikuja sauti ya nyaya, ndogo, kama ya mtu anayeimba amefumba mdomo, kisha harufu ya tope na nywele zilizoungua ikapita chini ya mlango, ikapanda magotini, ikaingia puani, na balbu ambayo hakuna aliyeigusa ikawaka nyekundu, ikawaka njano, ikawaka nyeupe ya kutoboa macho, na vivuli vya waombolezaji wote vikageuka vikaielekea, na kivuli cha Sylivia, ambaye mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, kikainua mikono juu kama mtoto anayetaka kubebwa.

Tsongo aliingia akihema. Alimnong'oneza Musoki kwamba mshale wa kipimo cha mtambo umepita alama nyekundu, na lango la maji halifungiki. Kuna kitu kinalisukuma kutoka upande wa pili.

Musoki akasimama. Ujasiri hakuwa nao. Alikuwa na hasira: na wenye mradi, na Martine, na kuku wake, na ukimya wenyewe. Bwambale akaziba mlango.

"Shemeji, ndugu yangu bado iko ndani ya nyumba."

"Najua iko wapi. Mimi ndiye nilimfunga kidevu. Toka kwa mlango."

Akavuka ua, akawasha, akamimina mahindi yaliyowekwa ya kulisha waombolezaji. Mashine ikanguruma. Wanawake wakaziba masikio kwa aibu. Na ndani ya mngurumo ule, Semu akasema.

"Musoki, zima. Niache nilale."

Ilikuwa sauti yake kabisa, pamoja na kile kikohozi chake. Mkono wa Musoki ukafika kwenye swichi, ukabaki hapo.

"Semu hakuniambia nizime hata siku moja," alisema. "Alikula kutoka hapa."

Akamimina debe lingine.

Balbu ikanywea. Ukumbini vivuli vikarudi nyuma ya wenyewe, na Sylivia akapiga chafya, akaomba maji, kisha akayakataa.

Semu alizikwa mashine ikinguruma. Martine alitangaza kwamba yeye ndiye aliyemfukuza pepo, akaondoka na kuku wake. Bwambale alimtoza Musoki mbuzi kwa kumvunjia marehemu heshima; mpaka leo anamngoja mbuzi huyo.

Kisha akafa Zedekiah, mzee wa kanisa. Watu wakakaa chini kama kawaida. Musoki akafungua mlango wa mashine, Sylivia akashika debe, wakasubiri watu walete mahindi. Hakuna aliyekuja. Nyaya zikaanza kuimba. Ndipo mke wa Bwambale akatokea na beseni la mahindi kichwani, macho chini, na nyuma yake mwingine, na mwingine, bila kusalimiana, kama watu wanaokwenda kuiba.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mwanamke ambaye hakuna aliyemjua. Beseni lake lilidondosha maji, na katika vumbi alilopita hapakuwa na nyayo.

Sylivia akamshika mama yake mkono. Musoki alimtazama yule mgeni kuanzia juu hadi chini, mdomo ameubana.

"Hapa tunasaga kwa zamu," akamwambia. "Ngoja yako."

Yule mwanamke akatua beseni lake, akangoja.