Walinzi Watano wa Mfereji Mmoja

Mume wangu Aminieli ni mtu mwema, ila akishupaa hashauriki. Asubuhi ile alishika kamba ya ng'ombe wetu, anataka kumpeleka mnadani. Ng'ombe mwenyewe ana mimba, na watoto wetu wanategemea maziwa yake. Roho iliniuma.

Ugomvi ulianzia kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia hapa Vudee. Maji ya shambani yalipungua. Aminieli akamshuku jirani yetu Sadock kwamba anayaiba. Akaajiri mlinzi wa mfereji. Sadock naye akaajiri wawili. Mume wangu akakopa kwenye kikoba, chama chetu cha kuweka na kukopa, akaongeza wengine wawili. Maharage yalipovunwa, fedha yote iliishia kwa walinzi. Sasa kikoba kinataka chake.

Mama Honorata, mteja wetu, akaja kuchukua maziwa. Alikuwa mhasibu jeshini, sasa amestaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Blandina."

Redio ilikuwa inazungumzia nchi zilizolemewa na madeni kwa kununua silaha.

"Hao wakubwa wana akili kweli?" Aminieli akauliza.

Nilishindwa kujizuia, nikacheka. "Na wewe je, Baba Beatha?"

Mama Honorata akavuta kigoda. "Jeshi ni lazima, Aminieli. Mimi limenilea. Lakini nchi ikikopa ikajenga mfereji, mavuno yanasaidia kulipa. Ikikopa ikanunua kifaru cha vita, hakizai kitu. Kinataka mafuta, vipuri na watu wa kukitunza. Riba nayo inapanda. Mwishowe fedha ya dawa na walimu inalipa deni, na nchi inakopa tena."

"Kwa hiyo tukae bila ulinzi?"

"Hapana. Tuulize kabla ya kukopa: ulinzi gani unatosha? Ukiongeza bunduki, jirani anaogopa, naye anaongeza. Mnafilisika wote, na hakuna aliye salama zaidi. Wewe umewahi kuzungumza na Sadock?"

Aminieli akamrudisha ng'ombe zizini.

Nilikwenda naye kwa Sadock, maana mdomo wa mume wangu naujua.

"Sadock, unachukua maji yangu?"

"Mimi? Si wewe unayechukua yangu?"

Kumbe wote wawili walikuwa wamepungukiwa maji. Wakapanda mlima pamoja wakiufuata mfereji, mimi nyuma yao. Karibu na ndiva, ukingo ulikuwa umebomoka. Maji mengi yalikuwa yanapotelea kwenye magugu. Walinzi watano walishinda wakitazamana wao kwa wao, hakuna aliyeutazama mfereji.

Tuliuziba kwa msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Siku hizi kamati ya maji ndiyo inayosimamia zamu, na tumebaki na mlinzi mmoja wa wote.

Maji yamerudi. Ng'ombe amezaa, na watoto wanakunywa maziwa. Lakini deni la kikoba halikuondoka kwa kupeana mikono. Kila tukivuna, bado tunawalipia walinzi walioondoka zamani.